Nyumba ya Pwani Huipa Bahari Bega

Dada yangu alipopata kiwanja Kigamboni hakunitumia hati wala ramani ya upimaji. Alinitumia picha: bahari tupu, jahazi moja kwa mbali, na ukingo wa mwamba ulioota vichaka. Chini yake akaandika, "Kaka, sebule iwe hapahapa, kioo mwanzo mwisho. Tukiamka tuione." Shemeji naye alikuwa ameshaanza kuulizia bei za vioo.

Mimi ni mbunifu majengo, na picha za namna hiyo nimeletewa nyingi. Zote hunitia mashaka yaleyale, kwa sababu ya jambo ambalo picha haiwezi kulionyesha. Pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, kwa sehemu kubwa hutazama mashariki. Upande huohuo mmoja ndio unaoleta upepo wa kupoza nyumba na mandhari ambayo mtu ameilipia pesa zake. Ndio pia unaoleta jua kali la asubuhi, mvua inayopiga ubavuni, chumvi inayokula nondo, na bahari yenyewe inayomega ardhi. Unachokitaka na kitakachokuharibia vinapita mlango mmoja. Ukiuacha wazi vyote vimeingia. Ukiufunga umekosa vyote, na ndiyo maana utaona nyumba iliyo hatua chache kutoka majini ikinguruma viyoyozi mchana kutwa, madirisha yamefungwa, mapazia yameshushwa.

Fundo hilo ndilo ninalotaka kulifungua hapa, kwa kukifuata kiwanja cha dada hatua kwa hatua. Familia ni watu saba: dada na shemeji, watoto wanne, na mama mkwe wa dada, ambaye watoto humwita bibi na mimi humwita mama. Mama anatembea kwa mkongojo. Magoti yake yaliamua mambo mengi katika ramani ile kuliko bahari.

Ardhi uliyonunua na ardhi unayoweza kuijengea

Kiwanja kina upana wa mita 24 na urefu wa mita 100, kutoka barabarani hadi ukingo wa mwamba. Aliyewauzia aliwaambia ni chao mpaka majini. Hilo ni neno la sokoni. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, na vilevile ziwa, mto au bwawa. Nyumba ni shughuli ya kudumu. Ukuta ni shughuli ya kudumu. Kibanda cha wageni chenye msingi wa zege nacho kimo humo.

Lakini swali gumu kuliko sheria ni hili: hizo mita 60 zinaanzia wapi? Watu wengi huweka kamba kwenye ukingo wa juu wa mwamba, pale wanaposimama kupiga picha. Nikamwambia dada tusubiri bamvua, siku chache baada ya mwezi kuandama, maji yakiwa yamekupwa kabisa, tushuke chini tukakitazame kiwanja kutoka upande wa bahari. Bamvua hapa Dar es Salaam bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Maji yakitoka, mwamba huonekana wote, na unaona usichoweza kukiona ukiwa juu. Mawimbi huwa yamekula tumbo la mwamba kwenye usawa wa maji kujaa, wakati juu umebaki umening'inia kama ubapa wa shoka. Pale kwa dada, tumbo hilo lilikuwa limeingia ndani mita 3. Yaani siku za bamvua maji yanapojaa, bahari inakuwa chini ya kiwanja chake. Ule ukingo aliosimama akapiga picha ulikuwa dari ya pango.

Kwa hiyo mita 60 tulizihesabu kutoka kwenye tumbo la mwamba. Toa 3, toa 60, toa na mita 5 za nafasi upande wa barabara: kwenye mita 100 zimebaki 32. Kati ya mita za mraba 2,400 walizolipia, zinazoweza kubeba nyumba hazifiki 770. Dada alinyamaza muda mrefu siku ile. Nami sikumficha kwamba hata sheria isingekuwepo ningemwambia arudi nyuma vilevile.

Pwani hii inao ushahidi wa karne kadhaa kuhusu nani alijenga wapi. Nenda Kilwa Kisiwani. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, liko juu ya mwinuko unaotazama bahari, na bwawa lake la kuogea lenye pembe nane bado linasomeka wazi ardhini. Gereza, ngome iliyo chini ufukweni, ni changa kuliko kasri hilo, lakini mawimbi yameshakula sehemu yake. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalipokuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, kati ya 2004 na 2014, mmomonyoko ulikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Ila kuna jambo la Husuni Kubwa ambalo mwenye kiwanja juu ya mwamba inampasa alishike: kilichokuwa kikizihatarisha kuta zake za ukingoni ni maji ya mvua yaliyokuwa yakishuka kutoka juu na kuuchukua udongo. Mwamba una adui wawili. Wimbi hula kutoka chini, na mvua hula kutoka juu. Wa chini humwezi. Wa juu ni wewe mwenyewe, kwa paa lako, maegesho yako ya saruji na kichaka ulichofyeka ili uone vizuri.

Shemeji aliuliza kuhusu kujenga ukuta wa kuzuia bahari. Ukuta mmoja wa familia moja mara nyingi huhamisha tatizo. Wimbi likigonga ukuta uliosimama wima hurudi na nguvu yake, likachimba mchanga mguuni pa ukuta huohuo, na kwenye ncha zake likamgeukia jirani. Kuta za kuzuia bahari kama ule wa Barabara ya Barack Obama mjini hujengwa na serikali, kwa vipimo vya kihandisi na kwa urefu wa eneo zima. Kwa mita 24 za dada, kinga bora ilikuwa kuviacha vichaka vya mwambani vilivyo, na kuhakikisha hakuna tone la maji ya paa linaloelekezwa ukingoni.

Jua halilingani pande zote

Sasa turudi kwenye kioo mwanzo mwisho.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita, jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini, limepanda nyuzi kama 60. Mwezi wa kumi na mbili huwa upande wa kusini, limepanda zaidi, nyuzi kama 73. Pande zote mbili jua liko juu, na jua lililo juu ni rahisi kulizuia: paa likitokeza mita 1.2 mbele ya ukuta hutia kivuli cha mita 2 kwenda chini, dirisha lote likafunikwa. Mashariki na magharibi mambo ni mengine. Saa mbili na nusu asubuhi jua liko nyuzi kama 30 tu, na upenu uleule wa mita 1.2 hutia kivuli cha sentimita 70. Chini ya hapo jua linaingia mpaka kitandani. Ukuta wa kioo unaotazama mashariki hupokea saa tatu au nne za jua la namna hiyo kila siku, mwaka mzima, na bahari chini yake nayo inarudisha mng'ao.

Mng'ao huo si jambo dogo. Jørn Utzon, mbunifu wa jumba la Opera la Sydney, alijijengea nyumba ya familia juu ya mwamba wa bahari katika kisiwa cha Mallorca mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaiita Can Lis. Ni nyumba ninayoipenda sana. Aliigawa katika vibanda vya mawe, kila kimoja kikigeukia bahari kwa pembe yake, na madirisha akayazamisha ndani ya vina virefu vya mawe ili macho yaone bahari bila kupigwa na anga yote. Pamoja na ustadi wote huo, baada ya miaka kama 20 alihamia nyumba nyingine ndani ya kisiwa, na sababu mojawapo ilikuwa macho yake kuchoshwa na mwanga ule. Kama yeye alichoka nyuma ya mawe mazito, mama ya shemeji yangu atakaaje nyuma ya kioo kitupu?

Upepo una njia zake

Mabaharia wetu waliugawa mwaka kwa pepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, takriban Desemba hadi Machi, nao ndio msimu wa joto. Kusi hutoka upande wa kusini mashariki, huanza na masika, na huwa na nguvu zaidi Juni hadi Agosti. Usiku upepo wa umande hutoka bara polepole kuelekea baharini. Ukizichora pepo hizi juu ya kiwanja utaona jambo la kufurahisha: hakuna hata moja kati ya zile kubwa mbili inayokuja kutoka mashariki kabisa. Zote huja kwa mshazari.

Hapo ndipo fundo linapoanza kulegea. Nyumba ndefu iliyolala kutoka magharibi kwenda mashariki, yenye madirisha upande wa kaskazini na kusini, itakamata kaskazi kwa ubavu mmoja na kusi kwa ubavu mwingine. Pande hizohizo ndizo ambazo jua lake huzuilika kwa upenu wa kawaida. Upande mfupi, ule wa mashariki, ndio unaobaki kuikabili bahari, na huo unaweza kuwa ukuta mzito wenye matundu machache. Nyumba inaipa bahari bega, kama mtu anayetembea kwenye upepo mkali.

Upepo hauingii chumbani kwa kuwa umefungua dirisha. Unaingia kwa kuwa una pa kutokea. Chumba chenye dirisha upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, peke yake hujaa hewa kama chupa na kutulia. Tundu la upande wa demani, yaani unakoelekea upepo, liwe kubwa sawa na la kuingilia au kulizidi, na katikati pasiwe na ukuta mwingine. Kwa hiyo kila ubawa wa nyumba uwe na upana wa chumba kimoja tu. Nyavu za mbu nazo hupunguza sana upepo, kwa hiyo dirisha lenye wavu lichorwe kubwa kuliko unavyodhani.

Hapa lazima niseme neno kuhusu nyumba za kale za Lamu, kwa sababu kila mteja wa pwani huniletea picha zake. Vyumba vyake ni vyembamba, mita 3 hivi au pungufu, kwa kuwa boriti za mikoko hazikuweza kuruka nafasi kubwa zaidi. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene karibu nusu mita, na nyingi zimeelekezwa kaskazini, upande wa kibla. Daka (kibaraza cha mlangoni) na kiwanda (ua wa ndani) huzuia jua lisifike kwenye kuta za vyumba. Ni elimu kubwa. Lakini tusiige bila kufikiri. Ukuta mnene hufaa pale usiku unapopoa sana, na pwani usiku haupoi sana. Ukuta uliopata jua mchana huutoa moto wake wakati umelala, na ndiyo maana wengi walipanda kulala juu, chini ya makuti. Ukuta mnene ni mzuri pwani ikiwa tu umekaa kivulini mchana kutwa.

Kwa hiyo kwa dada tuligawa nyumba mbawa mbili, kila mmoja mita 5 kwa 20, na kati yake ua wenye upana wa mita 8. Jumla mita 18, zikabaki mita 3 kila ubavu wa kiwanja. Ubawa wa kaskazini ni wa kulala, maana wakati wa kaskazi ndipo joto linapowanyima watu usingizi, na vyumba hivyo ndivyo vinavyoupokea upepo huo wa kwanza. Ubawa wa kusini ni sebule, meza ya chakula na jiko. Jiko liko mwisho wa magharibi, upande wa demani kwa pepo zote mbili, ili moshi na harufu ya samaki visirudi ndani. Ua unapitisha kusi hadi vyumba vya kulala. Ungekuwa wa mita 4, ubawa wa kusini ungeuzibia upepo ubawa ule wa kaskazini kama mtu aliyesimama mbele ya feni.

Mwamba wenye mashimo

Fundi wa kwanza aliyekuja aligonga mwamba kwa sururu akasema, "Hapa hakuna haja ya msingi mrefu, mwamba ni mwamba." Ni kauli ya kawaida na ndiyo inayopasua nyumba nyingi za pwani. Mwamba wa matumbawe uliwahi kuwa uhai wa baharini; maji ya mvua yenye asidi hafifu yanauyeyusha taratibu, yakiacha nyufa, mifereji na mapango. Hatua moja ni jiwe gumu, hatua ya pili ni udongo mwekundu uliojaa shimo, ya tatu ni tupu kabisa chini ya gamba la sentimita 30. Nyumba iliyoketi nusu kwenye jiwe na nusu kwenye udongo hushuka upande mmoja, nao ufa hupita kwenye kona za madirisha.

Dawa yake si ghali ukiilinganisha na kubomoa. Kila mahali ambapo nguzo au kona ya ukuta mzito itakaa, toboa mwamba kwa mashine kwenda chini mita 3 au 4 na uandike kilichotoka. Kwa dada tulitoboa sehemu 14. Mbili zilikuwa tupu, na moja kati ya hizo ilikuwa chini ya kona ambayo tulitaka kuweka tangi la maji. Pango dogo hujazwa zege. Pango kubwa hurukwa kwa mkanda mnene wa zege uliokaa kwenye jiwe zima pande zote mbili, au nyumba inasogezwa. Sisi tuliisogeza mita 1.5 kuelekea barabarani, kazi ya kufuta mstari kwa raba kwa sababu ilikuwa bado kwenye karatasi.

Kisha mteremko. Kuanzia mwisho wa magharibi wa nyumba hadi mwisho wa mashariki ardhi inashuka mita 2.5. Wengi wangekata udongo wa juu na kuujaza chini ili kupata uwanja tambarare, au wangeshusha nyumba kwa ngazi. Ngazi hazikuwezekana kwa sababu ya mkongojo wa mama. Kujaza udongo juu ya mwamba ule ni kuomba mvua iuchukue. Tukaishika sakafu yote kwenye usawa mmoja na barabara: mama anashuka garini na kufika kitandani bila kukanyaga ngazi hata moja. Mwisho wa mashariki sakafu ikawa imeinuka mita 2.5 juu ya ardhi. Uwazi huo chini ya ua ulikuwa na kazi inayousubiri, nami nitaifikia.

Chumvi

Kama kungekuwa na ukurasa mmoja tu wa kumwachia mtu anayejenga pwani, ningeandika huu.

Nondo ndani ya zege nzuri haipati kutu, kwa sababu saruji ina ualkali mkali unaoifunika nondo kwa utando mwembamba wa kinga. Chumvi ya bahari huuvunja utando huo. Inafika kwa njia mbili. Ya kwanza ni polepole: upepo huleta chembe za maji ya chumvi, zinatua kwenye ukuta, mvua na unyevu vinaziingiza ndani kupitia vitundu vya zege, mwaka baada ya mwaka, mpaka zifike kwenye chuma. Ya pili ni ya siku moja, na mwenye nyumba huilipia mwenyewe: mchanga wa ufukweni, maji ya kisima cha chumvi, au kokoto za matumbawe zilizookotwa pwani. Hapo chumvi imewekwa ndani ya zege tangu asubuhi ya kumwaga.

Kutu ina ujazo mkubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Inatanuka, inalipasua zege kutoka ndani, ufa unaingiza chumvi zaidi. Ukiona vipande vya dari ya slabu vimedondoka na nondo nyekundu zimetokeza, kazi hiyo ilianza miaka mingi nyuma. Plasta mpya juu yake huficha tu.

Kinga ni mambo ambayo fundi yeyote anayaweza, ila lazima asimamiwe. Mchanga wa mtoni, na maji matamu. Zege nzito, isiyolainishwa kwa ndoo ya ziada ili iteleze vizuri, maana kila tone la ziada huacha kitundu. Nondo ifunikwe na milimita 50 za zege pande zote, na kipimo hicho kilindwe na vibonge vidogo vya zege vilivyofungwa kwenye nondo. Kijiwe kilichookotwa hapohapo hakifai. Zege imwagiliwe maji matamu siku 7 kwa uchache, kwa magunia yaliyolowa. Hili la mwisho ndilo linalopuuzwa zaidi, na ndilo la bei nafuu kuliko yote.

Lakini njia ninayoiamini zaidi ni kutumia nondo kidogo tangu mwanzo. Nyumba isiyo na ghorofa yenye vyumba vya upana wa mita 5 haihitaji slabu juu. Kuta zake zinaweza kuwa za mawe ya matumbawe ya machimbo ya nchi kavu, zinazobeba paa zenyewe, na nondo zikabaki kwenye mkanda wa chini, linta na mkanda wa juu. Nasema mawe ya nchi kavu kwa kusisitiza: matumbawe hai ya baharini ndiyo yanayovunja wimbi kabla halijafika kwenye mwamba wako, na kuyavunja ni kubomoa ukuta wako wa nje.

Jiwe hilo lipigwe plasta ya chokaa. Ndani ya jiwe la pwani daima kuna unyevu na chumvi kidogo. Chokaa hupumua: unyevu unatoka nje, chumvi inabaki usoni kama unga mweupe, unaupangusa kwa ufagio. Saruji ngumu huufungia unyevu, na chumvi ikikauka nyuma ya plasta hutengeneza fuwele zinazoisukuma mpaka itoke vipande. Mafundi wa Mji Mkongwe Unguja wanalijua hili. Nyumba nyingi za kale zilizopigwa saruji kwa nia njema zimeharibika haraka kuliko zilizoachwa na chokaa yake.

Vyuma vidogo havisameheki pia. Misumari ya bati, bawaba, komeo, mabano ya mifereji, vyote huoza kabla ya bati lenyewe. Tafuta chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, ambacho kina molibdeni ya kuhimili chumvi. Daraja la 304 linalouzwa zaidi madukani hupata madoa mapema karibu na bahari. Na usigusishe metali mbili tofauti, mathalani bati la aluminiamu na waya wa shaba, maana penye chumvi moja huila nyingine. Zile mita 60 tulizopewa na sheria, zenye vichaka vyake, zilitusaidia hapa pia: chembe za chumvi hupungua upesi kadiri unavyoondoka majini, na majani huzichuja.

Kuhusu paa nitasema machache. Kenchi zifungwe kwenye mkanda wa juu kwa vyuma vilivyozikwa ndani ya zege. Waya wa kuzungusha hautoshi. Watu husema pwani yetu haina vimbunga. Unguja ilipigwa mwaka 1872, Lindi mwaka 1952, na kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Ni nadra, lakini nyumba inajengwa kwa miaka mingi.

Maji matamu na maji machafu

Dada alitaka kisima. Chini ya ardhi ya pwani maji matamu ya mvua huelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi kidogo. Kwa kila sentimita 1 ambayo maji matamu yamepanda juu ya usawa wa bahari, kuna sentimita 40 hivi za maji matamu chini yake. Inasikika kama habari njema mpaka uigeuze: ukivuta maji kisimani yakashuka sentimita 10, chumvi kutoka chini inaweza kupanda kama mita 4. Karibu na ufukwe tabaka hilo ni jembamba, na pampu ya umeme hulimaliza. Majirani wawili wa dada visima vyao vimeshaharibika, na kupumzisha kisima huchukua muda mrefu kuliko subira ya familia yenye watoto.

Basi paa ndilo kisima. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mapaa ya mbawa mbili pamoja na penu yana mita za mraba 300 hivi, na Dar es Salaam hupata zaidi kidogo ya milimita 1,000 kwa mwaka. Ukitoa sehemu ya tano inayopotea, zinabaki lita 240,000. Watu saba kwa lita 90 kila mmoja kwa siku hutumia lita 230,000 kwa mwaka. Zinatosha kwa shida, na bomba la mtaa litaziba pengo. Kikwazo ni kiangazi: kati ya masika na vuli kuna takriban siku 120 za kutegemea akiba, yaani lita 75,000 hivi. Birika la mita 5 kwa 6 lenye kina cha mita 2.5 lina ujazo huo kamili. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ikiusubiri ule uwazi wa mita 2.5 chini ya ua. Mteremko uliotusumbua umetupa birika bila kuchimba mwamba, na maji ya paa yanayokusanywa humo ndiyo yaleyale ambayo yangeumomonyoa ukingo.

Maji machafu ni kinyume chake. Katika mwamba wenye nyufa shimo la kawaida halichuji kitu. Uchafu hupita kwenye mifereji ya jiwe na kufika baharini, au kwenye kisima cha jirani, kabla haujasafika. Tangi lisilovuja, kisha kitanda cha kokoto kilichopandwa matete na kuzibwa chini, vyote upande wa barabara ambako gari la kunyonya linaweza kufika. Si mandhari ya kumwonyesha mgeni, ila watoto wanaoogelea pale chini ni wa kwetu.

Baraza, na dirisha moja

Ramani ilipokamilika shemeji aliitazama akauliza bahari iko wapi. Nikamwonyesha mwisho wa mashariki wa ua, juu ya birika: baraza la mita 8 kwa 4, lenye paa na viti vya mawe, upande wa bahari likiwa na ukuta wa matundu unaofika kiunoni. Kutoka kila chumba cha nyumba ile, ukifungua mlango wa ua na kugeuka, unaiona bahari kupitia baraza hilo, imeinuliwa mita 2.5 juu ya vichaka. Asubuhi wanakaa ubawa wa kusini. Jua likishapita juu, kuanzia saa saba hivi, baraza liko kivulini na bahari imeacha kung'aa machoni, imekuwa ya buluu. Hapo ndipo kahawa inanywewa. Milango ya mbao ya kukunja inaweza kuufunga ua Julai, kusi inapokuwa kali.

Alikubali, lakini akaomba kitu kimoja kwa ajili ya mama yake, ambaye alikulia Mafia na hataki kulala asipojua maji yamejaa au yamekupwa. Chumba chake ni cha mwisho mashariki, ubawa wa kaskazini. Katika ukuta ule mnene nilitoboa dirisha moja, sentimita 80 kwa 80, fremu ikiwa upande wa nje na kina cha ukuta wote kikibaki ndani kama kidaka, ili sehemu ya jua la asubuhi iishie kwenye chokaa ya ubavu wa dirisha. Kizingiti chake nilikishusha hadi sentimita 45 kutoka sakafuni. Tulikipima kwa mama mwenyewe, ameketi ukingoni mwa kitanda, mkongojo umeegemezwa ukutani.